Wiki ya kujifunza kwa vitendo: mtoto atabiri kwanza, ndipo aguse

Mwalimu mwenzangu uliyeuliza kama unaweza kufundisha darasa la tatu kwa vitendo wiki nzima, tena darasa kubwa, bila silabasi kubaki nyuma: inawezekana, nami hufanya hivyo kila muhula.

Kelele isikutishe. Kinachoharibu wiki za namna hii ni mtoto kukabidhiwa vitu kabla hajajiuliza swali lolote. Anachezea, anafurahi, kipindi kinakwisha, na ukimuuliza kajifunza nini anakutajia vifaa. Ndiyo maana kwangu hakuna kugusa kabla ya kutabiri, na utabiri unaandikwa daftarini kwa kalamu ya wino. Haufutwi hata ukionekana si sahihi.

Chukua somo la kuelea na kuzama. Kila kundi la watoto wanne nalipa chombo cha maji kinachoonyesha ndani na donge la udongo wa mfinyanzi. Wanatabiri, wanatumbukiza, linazama. Hapo hakuna anayeshangaa. Kisha nauliza: udongo huu huu, bila kupunguza hata chembe, mnaweza kuufanya uelee? Wengi huandika hapana, "kwa sababu ni mzito". Nawaacha wahangaike. Wanaurefusha, unazama. Wanaubapaza, unazama. Mpaka mmoja wao akunje kingo kuwa bakuli na liketi juu ya maji, basi darasa zima linamiminika kwenye meza ile. Usikimbilie kueleza. Waambie watie alama maji yalipofika donge lilipozama, kisha yanapofika bakuli linapoelea. Wataona wenyewe kwamba bakuli limesukuma maji mengi zaidi. Sasa ukiwaambia kuwa kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, wanakuelewa.

Kinachoiunganisha wiki yangu ni maharage. Jumatatu tunayaweka, yakiwa yamelowekwa usiku kucha, kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa glasi ili yaonekane. Moja limelala, jingine limesimama, jingine kichwa chini. Mzizi utaelekea wapi? Wabishane kwanza, waandike. Chumba kikiwa na joto la kutosha, mzizi hutokeza baada ya siku 2 hadi 4, na mbegu iwekwe vyovyote, mzizi utapinda kwenda chini. Ukishatoka, laza glasi ubavu. Kesho yake ncha imeshageukia chini tena.

Kila asubuhi wanapima kwa rula, kwa milimita. Hapo ndipo silabasi yako inaposogea: vipimo, jedwali, grafu ya Ijumaa, na insha fupi ya kueleza walichokiona. Mbegu isiyoota inabaki kwenye jedwali na sifuri yake. Watoto hupenda kuiondoa kwa aibu, na hapo mimi silegezi kamba, maana wakizoea kuficha matokeo wasiyoyapenda, vipimo vyote vilivyobaki havina thamani.

Somo la sehemu katika hesabu ni rahisi: vipande vya karatasi vya urefu mmoja, kimoja kikunjwe kigawanyike vipande vitatu sawa, kingine vinne. Kabla ya kukunja waulize kipi kikubwa, 1/3 au 1/4. Utashangaa wangapi wanasema 1/4 kwa kuwa 4 inazidi 3.

Kwa wingi wa watoto, gawa kazi: mmoja anashika vifaa, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anasemea kundi. Kesho wabadilishane, la sivyo wale wachangamfu ndio watakaoshika vifaa wiki nzima.

Na wewe uliyeuliza kuhusu darasa la kwanza, jaribu jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri: mimina maji ya glasi fupi pana kwenye glasi ndefu nyembamba, mbele yao. Watoto walio chini ya miaka 7 hivi, wengi watasema yameongezeka. Usiwasahihishe. Waulize kwa nini wanafikiri hivyo, kisha wape glasi wayarudishe wenyewe na uwaulize tena.