Ukinunua gari la misuli la Kimarekani, anza na bati, injini ifuate

Wapenzi wa magari ya misuli, yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 yenye injini kubwa ya V8, wakikaa pamoja, maneno huanzia kwenye injini. Mmoja ataisifu Pontiac GTO ya 1964 na injini yake ya inchi za ujazo 389. Mwingine atasema hakuna iliyowahi kuifikia Chevrolet Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya inchi za ujazo 454 aina ya LS6, nguvu farasi 450. Mtu wa Chrysler atawaacha wamalize, kisha atataja Hemi 426. Mabishano haya ni matamu, na yanatokana na mapenzi ya kweli. Lakini wewe unayetaka kutoa pesa, yaweke pembeni kwanza. Injini ya V8 ya miaka hiyo inatengenezeka: bloku inachongwa, pistoni na ringi zinanunuliwa mpya, krenki inasagwa. Kinachomaliza akiba ya mtu ni bodi iliyooza chini ya rangi nzuri.

Hata namba za nguvu farasi zinahitaji kusomwa kwa makini. Mpaka 1971, namba zilizotangazwa zilikuwa za injini iliyopimwa peke yake juu ya stendi, haibebi mizigo yote inayoibeba ndani ya gari wala haipumui kwa egzosi ya gari. Kuanzia 1972 viwanda vikatangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Ndiyo maana injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette iliandikwa 330 mwaka 1971 na 255 mwaka 1972. Injini ni ileile, kilichobadilika hasa ni kipimo. Watu wengi huyadharau magari ya 1971 na 1972 kwa sababu ya namba hizi, na nadhani wanakosea. General Motors, wenye Chevrolet na Pontiac, ilishusha mgandamizo (kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda) mwaka 1971 ili injini zikubali petroli yenye madini ya risasi kidogo, kwa hiyo gari la mwaka huo linakunywa petroli ya kituo chochote cha leo bila kugonga. LS6 ya 1970 ina mgandamizo wa 11.25 kwa 1, na petroli ya okteni 91 haiitoshi.

Sasa twende kwenye bati. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa haelezwi chumvi inafanya nini kwenye chuma. Ukiishi Minneapolis au Columbus, chumvi hiyo humwagwa barabarani kila msimu wa baridi, na gari la miaka hamsini la huko limeila kwa muda mrefu. Tafuta gari lililokaa Arizona au New Mexico, majimbo makavu. Viti vitakuwa vimepasuka na dashibodi imeungua kwa jua, ila hayo yanabadilishwa kwa wikiendi chache. Sakafu na chesisi zitakuwa bado nzima.

Ford Mustang za 1965 hadi 1968 zina kidonda chao maalumu, na kipimo chake hakihitaji zaidi ya chupa ya maji ya lita mbili na tochi. Chini ya kioo cha mbele, nje, kuna matundu ya kuingiza hewa. Ndani yake kuna kisanduku cha bati, na kwenye sakafu ya kisanduku hicho kuna shingo mbili zilizoinuka, ambazo hupitisha hewa kwenda ndani na kuzuia maji yasifuate. Majani hudondokea humo, yanalowa, yanakaa miaka, na shingo zinaoza kuanzia chini. Mwambie mwenzako alale chali chini ya dashibodi na tochi, wewe mimina maji polepole upande wa dereva, kisha upande wa abiria. Akiona hata tone moja, basi sakafu iliyo chini ya zulia nayo imeshaliwa. Kukitengeneza kisanduku hicho maana yake ni kutoa boneti, madigadi na kioo cha mbele, halafu kutoboa alama za kuchomelea moja moja mpaka bati la juu linyanyuke. Ni kazi ya wiki, na bei ya gari lazima ilionyeshe hilo.

Chevelle, GTO, Oldsmobile Cutlass na Buick Skylark zina bodi iliyofungwa juu ya chesisi kwa bolti, na hilo ni jema. Ugonjwa wao uko chini ya kioo cha nyuma. Urembo wa chuma unaozunguka kioo umeshikwa na vibanio, na maji hutulia nyuma ya vibanio hivyo. Gari lenye paa la vinaili ni baya zaidi, kwa sababu vinaili hushika unyevu kama sponji. Fungua buti, inua zulia, na uangalie juu kwenye kona mbili zilizo chini ya kioo. Ukiona mwanga wa jua unapenya au michirizi ya kutu, hesabu sakafu ya buti pamoja na bati la chini ya kioo. Kisha ingia chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chesisi kuanzia mbele ya tairi la nyuma hadi mwisho. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa.

Kwa Dodge na Plymouth, ambazo ni magari ya Chrysler, kagua chuma cha mkingamo kilicho chini ya sakafu ya mbele. Hapo ndipo inapoishia mikia ya tosheni baa, vile vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi. Kikiwa kimeoza, gari halina pa kuegemea mbele. Kagua pia pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi kwa mbele. Kama sehemu hizo mbili zimekwisha na bei haijashuka sana, aga kwa heshima uondoke.

Puti, ile rojo ya kujazia bati lililooza au kubonyea, hugunduliwa kwa sumaku iliyofungwa kitambaa chepesi. Ipitishe chini ya milango, kwenye madigadi nyuma ya tairi la mbele, na kwenye mbavu za nyuma karibu na tairi. Inapolegea au kudondoka, chini yake si bati. Kifaa cha kupima unene wa rangi ni bora zaidi: rangi ya kawaida huwa mikroni 100 hadi 200, ikipita 500 hapo pamejazwa.

Baada ya bati ni namba, na hapa ndipo wengi wanapolipa pesa ya Chevelle SS wakapewa Malibu, yaani Chevelle ya kawaida. GTO ya 1964 na 1965 haikuwa modeli inayojitegemea, ilikuwa kifurushi cha nyongeza juu ya Pontiac LeMans, kwa hiyo namba ya chesisi haiwezi kuithibitisha. Kuanzia 1966 hadi 1971 namba hiyo inaanza na 242. Chevelle SS 396 za 1966 hadi 1968 zinaanza na 138. Mwaka 1969 SS ikarudi kuwa nyongeza, hivyo Chevelle ya 1970 yenye mistari kwenye boneti na nembo zote inaweza kuwa ilitoka kiwandani ikiwa gari la kawaida la familia. Kwa Pontiac, agiza nakala za kumbukumbu za kiwanda kutoka PHS (Pontiac Historic Services). Kwa Ford za kuanzia 1967, agiza ripoti ya Marti, kampuni yenye kumbukumbu za kiwanda za Ford. Kwa Chevrolet iliyouzwa Marekani tumaini ni karatasi ya kiwandani, ambayo mara nyingi hupatikana imebanwa juu ya tangi la petroli au kwenye springi za viti. Ford na Chrysler wana nafuu nyingine: herufi ya tano ya namba ya chesisi inataja injini. R kwenye Plymouth ya 1970 ni Hemi, R kwenye Mustang ya 1969 ni 428 Cobra Jet yenye Ram Air. Usisome namba za kampuni moja kwa kitabu cha nyingine.

Muuzaji akisema injini ya Chevrolet ni ileile iliyozaliwa na gari, usibishane naye, omba kitambaa na thina. Mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria kuna sehemu bapa ya bloku, upana kama wa vidole viwili, iliyopigwa herufi na namba. Futa grisi, kisha lalisha tochi ili mwanga upite kwa mshazari. Juu ya chuma cha kiwandani utaona mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, kama nyuzi za kitambaa, na namba zimegongwa juu yake. Uso ukiwa laini kama kioo, au mikwaruzo ikizunguka, umesagwa na namba zimepigwa upya. Inawezekana pia fundi aliusawazisha tu wakati wa kuitengeneza injini, bila nia mbaya, kwa hiyo linganisha na tarehe. Tarehe ya kusubu bloku imeandikwa kwa herufi ya mwezi, siku na mwaka: B 12 9 ni tarehe 12 Februari 1969. Kibati cha bodi kikisema 03B, yaani wiki ya pili ya Machi, hapo mambo yanakubaliana. Bloku ikisema E 5 9, ilisubiwa Mei, gari likiwa tayari liko barabarani.

Kwa anayetaka kuendesha na si kuweka mnada, ushauri wangu ni kutolipia namba kabisa. Malibu yenye bodi safi na 350 ndogo itakupa raha kuliko SS iliyooza. Pua yake ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 45 kuliko ya 396, na kwenye kona utaliona hilo kwenye usukani.

Umeshalileta nyumbani, na halijawashwa kwa miaka kumi. Usiguse stata. Pistoni zikiwa zimeshikwa na kutu, stata itavunja ringi, na valvu iliyoganda itapinda fito yake. Toa plagi zote nane na umwage vijiko viwili vya oili nyepesi au oili ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, uache siku mbili. Kisha tia spana yenye mpini mrefu kwenye bolti ya mbele ya krenki na uzungushe taratibu kuelekea saa inavyokwenda. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili na usubiri tena. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, endelea.

Kabla ya kuiwasha, toa sampu (karai la oili lililo chini ya injini) uangalie wavu wa pampu ya oili. Injini nyingi za Chevrolet na Pontiac za wakati huo zilifungwa gia ya kamshafti yenye meno ya nailoni ili isipige kelele. Nailoni inazeeka, inapasuka, vipande vinadondoka kwenye sampu na kuziba wavu. Injini inakufa kwa kukosa oili huku sampu imejaa. Ukikuta vipande vya rangi ya maziwa au kahawia, nunua gia za chuma na cheni mpya kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha jaza pampu ya oili. Kwenye Chevrolet, weka alama mahali rota ilipoelekea, chomoa distributa, na uzungushe shafti ya pampu kwa drili kuelekea saa inavyokwenda mpaka geji ipande na oili itokeze kwenye roka zote. Tumia kifaa maalumu chenye umbo la distributa. Bisibisi ndefu peke yake haitoshi, kwa sababu mwili wa distributa ndio unaoziba njia ya oili, na bila huo tapeti (vidude vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua valvu) za upande mmoja hazipati shinikizo. Oili iwe na zinki ya sehemu 1,000 hadi 1,200 kwa milioni, kwani tapeti bapa husuguana na kamshafti moja kwa moja, na oili nyingi za magari mapya zina zinki kidogo kuliko hiyo. Kamshafti ikiwa mpya, injini ikiwaka tu ipeleke mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika na uikalishe hapo dakika 20. Ukiiacha ilale kwenye sailensa, yaani mizunguko ya chini, mapema, utaiharibu kamshafti siku hiyohiyo.

Petroli ya zamani mwaga yote, na ubadilishe kila kipande cha paipu ya mpira, hata kile kifupi kilicho juu ya tangi ambacho watu husahau. Ethanoli hula mpira wa zamani, na paipu ikipasuka karibu na egzosi ni moto. Kama gari lina kabureta ya Quadrajet na kila asubuhi unapiga stata kwa muda mrefu ndipo liwake, shuku vizibo vidogo vilivyo chini ya bakuli lake. Vinavuja, petroli inadondokea ndani ya manifoldi usiku kucha. Visafishe, uvipake gundi ya epoksi inayostahimili petroli.

Waya za plagi kwenye V8 za Chevrolet na Chrysler hufuata mpangilio wa silinda kuwaka wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Ford 302 ya miaka hiyo ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda zake zinahesabiwa tofauti: 1 hadi 4 ziko upande wa abiria.

Breki za magari ya kabla ya 1967 zina masta (silinda kuu ya breki) yenye chumba kimoja, paipu moja ikipasuka unabaki bila breki kwenye magurudumu yote manne. Funga masta ya vyumba viwili. Badilisha paipu tatu za mpira hata kama kwa nje zinaonekana nzuri, maana huvimba ndani na kuziacha breki zikishika baada ya kuondoa mguu. Ukihamia diski mbele, hakikisha masta haina ile valvu ya kubakiza shinikizo kwenye tundu la diski. Valvu hiyo ni ya breki za dramu, na diski zitaungua.

Mwisho ni usukani. Vipimo vya alaimenti vilivyo kwenye kitabu cha Chevelle viliandikwa kwa matairi ya zamani yasiyo ya radial, na ukivitumia kwenye 215/70R14 za leo gari litatangatanga barabarani. Mwandikie fundi kwenye karatasi: kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma) chanya nyuzi 2 hadi 3, sawa pande zote mbili, na matairi ya mbele yaelekeane inchi 1/16 hadi 1/8. Akikwambia kitabu kinasema sifuri, mwonyeshe tairi.