Vitabu vya katuni, saini na unyevu wa pwani: maswali yenu

Kwa aliyejiunga leo: kampuni kama CGC ya Florida, Marekani, iliyoanza mwaka 2000, hupokea kitabu cha katuni, hukipima na kukipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba yake. Maswali ya safari hii yametoka Mtwara na Lindi.

Nina vitabu vya Marekani kama thelathini, vingi vya miaka ya tisini mwanzoni. Nivitume vyote vikapimwe ndipo niuze? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Usivitume. Miaka ile vitabu vilichapwa kupita kiasi. X-Men namba 1 ya 1991 peke yake ilizidi nakala milioni 8, na watu wengi walizihifadhi vizuri wakitarajia utajiri. Kitu ambacho kila mtu anacho hakipandi bei.

Piga hesabu kitabu kwa kitabu. Tuseme kikiwa hakijapimwa kinauzwa dola 40. Kikipata 9.8 kinafika dola 110, kikipata 9.4 kinaishia 50. Ada ya kupimwa, usafiri wa kwenda na kurudi, bima na kamisheni ya soko la mtandaoni zinaweza kula dola 70 ukituma kutoka huku kwetu. Hapo 9.8 imekurudishia gharama tu, na 9.4 imekutia hasara.

Kabla ya kuota 9.8, kiweke kitabu chini ya taa na ukiinamishe taratibu huku ukitazama mgongo, hasa karibu na pini. Ukiona vimistari vyeupe vitatu vinne pale rangi ilipokatika, sahau alama hiyo. Na bei zilizopanda sana 2020 na 2021 zilishuka baadaye, kwa hiyo tazama mauzo ya miezi ya karibuni, si bei ambazo wauzaji wanaomba. Anayetaka kutia pesa ya korosho humu akitegemea kuivuna msimu ujao, bora ainunulie mabati.

Mchoraji ninayempenda atakuwa Dar es Salaam. Akinisainia, nitapata ile lebo ya njano ya CGC, ya saini iliyoshuhudiwa? (Msomaji, Masasi)

Hapana, isipokuwa kama shahidi aliyeidhinishwa na CGC yupo pale pale kalamu inapogusa jalada, na kitabu kikaenda kupimwa kupitia mikononi mwake. Saini isiyoshuhudiwa huweza kupewa lebo ya kijani, na mara nyingi maelezo yake husema tu kwamba jina limeandikwa juu ya jalada, kana kwamba mwenye kitabu ndiye aliyejiandikia. Wapo wakaguzi wa mwandiko wanaoweza kuithibitisha saini baadaye, lakini hiyo ni gharama nyingine.

Bado chukua saini, ila ichukue vizuri. Kwenye jalada linalong'aa tumia kalamu ya rangi ya mafuta yenye ncha nyembamba: itikise, ijaribu kwanza kwenye karatasi chakavu, halafu saini iachwe wazi dakika kumi kabla ya kitabu kurudi kwenye mfuko wake. Kalamu ya kawaida ya bolpeni huacha mfereji kwenye jalada. Maka pen kwenye jalada la karatasi ya gazeti huvuja hadi ukurasa wa pili. Ingiza kadi safi chini ya jalada, chagua sehemu yenye rangi nyepesi, na kama unawaza kuuza, mwombe asiandike "Kwa rafiki yangu" na jina lako. Piga video anaposaini, uitunze pamoja na tiketi ya tukio.

Kila mvua zikianza, vitabu vyangu vinapinda na pini zinashika kutu. Nifanyeje? (Msomaji, Mikindani)

Hili ndilo linaloua makusanyo mengi ya pwani yetu, kuliko wezi na watoto. Karatasi ya bei nafuu ina asidi yake yenyewe, na joto pamoja na unyevu huiharakisha. Pini hushika kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi, kisha kutu hupenya kwenye karatasi na kuacha doa ambalo halitoki.

Anza na chumba. Kuta za mawe ya matumbawe, kama za nyumba kongwe za hapo Mikindani, hunyonya maji kutoka chini. Usiegemeze sanduku ukutani. Acha nafasi ya kiganja, na liinue sentimita 15 kutoka sakafuni. Sanduku la bati ni zuri dhidi ya panya, lakini usiku likipoa hutoa jasho kwa ndani. Bora kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Kwa la lita 40, weka gramu 150 hadi 200 za silika jeli, zile chembechembe zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya viatu vipya, pamoja na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 45 hadi 55. Ukishuka chini ya 35 karatasi inakuwa kavu na kuvunjika, kwa hiyo zikizidi, punguza. Nunua za rangi ya machungwa. Zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa moja au mbili, zipoe zikiwa zimefunikwa, uzirudishe. Zile za bluu zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu.

Kila kitabu kiwe na mfuko wake na kadibodi nyeupe isiyo na asidi nyuma yake. Mfuko wa poliesta hudumu. Wa polipropilini ubadilishe baada ya miaka mitano hadi saba. Ile plastiki laini yenye harufu ya kufunikia madaftari ya shule usiitumie kabisa, hunata kwenye wino na kuung'oa. Kadibodi ya boksi la sabuni nayo ina asidi. Visimame wima, visibanwe wala kulala upande.

Ukiona wadudu, funga vitabu kwenye mfuko usiopitisha hewa, viweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, kisha usifungue mfuko hadi saa 24 zipite nje. Ukifungua mapema, maji yatagandia kwenye kurasa.

Na kasha la CGC si chupa iliyozibwa: hewa inapita. Nalo liingie kwenye kontena.

Jirani ana mashine ya kuchapa fulana. Anaweza kuninyooshea kitabu kilichokunjamana? (Msomaji, Ligula)

Mashine hiyo hufanya kazi kwenye nyuzi 160 hadi 180. Wanaonyoosha vitabu hutumia takribani 65 hadi 75, huku karatasi isiyonata ikiwa juu na chini, na kitabu hupoa chini ya uzito usiku kucha. Kwa joto la fulana, jalada linalong'aa linashikana na ukurasa wa kwanza, na saini ya kalamu ya rangi inahamia kwenye karatasi ya juu. Tena mkunjo uliokata rangi hautoki kwa joto lolote.

Kuna mtu mtandaoni anauza kitabu kwenye kasha, kina saini ya Jack Kirby, yule mchoraji wa katuni wa Marekani, nayo imeandikwa kuwa ilishuhudiwa na CGC. Nimwamini? (Msomaji, Lindi mjini)

Kirby alifariki Februari 1994. CGC ilianza 2000. Funga mazungumzo.

Kwa mengine, ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni, linganisha jina, alama na picha kama ipo. Usiishie hapo: mwishoni mwa 2023 iligundulika kwamba kuna watu waliokuwa wakibadilisha vitabu ndani ya makasha ya CGC na kuacha namba halali. Omba picha za kingo zote nne. Ukungu mweupe kwenye kiungo cha plastiki, ufa, au alama isiyoendana na hali unayoiona kwa macho, achana nalo.

Marehemu babu aliacha rundo la magazeti ya katuni ya Sani na vipande vya katuni ya Chakubanga kutoka gazeti la Uhuru. Vina thamani? (Msomaji, Nachingwea)

Vinayo, ila usivipeleke kupimwa. Mnunuzi wa Marekani havijui, na wa kwetu hahitaji kasha. Anayevitaka anatafuta mfululizo: namba zinazofuatana, majalada yote, hakuna kurasa zilizokatwa. Panga kwa namba na tarehe, andika orodha, piga picha. Vipande vya Chakubanga, kazi ya Christian Gregory, viandikie tarehe ya gazeti kwa penseli pembeni, wala usivigandishe kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kupenya karatasi. Magazeti hayo yalisomwa na kutupwa, kwa hiyo rundo kamili ni adimu kuliko ile X-Men ya juu pale.

Kasha litafika salama kwa basi kutoka Dar? (Msomaji, Newala)

Likifungwa boksi ndani ya boksi, sentimita tano za sponji kila upande, likae wima. Mtikisiko ukizidi, kitabu hucheza ndani na kupinda kona hata kama plastiki haina ufa. Likabidhi ofisi ya vifurushi upewe risiti, usimpe kondakta mkononi.