Jibu: Waha, Wabena na Wamakonde walifikaje Muheza?

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza iwapo wazee wa Kiha, Kibena na Kimakonde walioko katika vijiji vya mkonge huko Muheza, mkoani Tanga, walisukumwa na wingi wa watu makwao au na serikali.

Anza na kodi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yakahitaji vibarua wengi kuliko Wabondei na Wasambaa, wenyeji wa huko waliokuwa na mashamba yao ya chakula, walivyokuwa tayari kutoa. Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mtu wa Kigoma au Songea, ambako kazi za mshahara zilikuwa haba, hakuwa na njia nyepesi ya kuipata ila kusafiri. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, chombo cha kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali. Nchi haikuwa imejaa: hata sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 tu, ilhali ya 2022 ilihesabu milioni 61.7.

Ukitaka hesabu ya makabila, tumia sensa hiyo ya 1967, kwa kuwa zilizofuata hazikuuliza kabila. Mimi nikizungumza na wazee wa kambi huwauliza kwa nini hawakurudi mkataba ulipokwisha, na wengi hutaja ndoa, watoto na kipande cha shamba la mahindi. Waulize na wako, maadamu wangali hai; jambo hili lisicheleweshwe.