Re: Waya za meno zinanichubua shavu, nifanyeje?

Pole sana ndugu, meno kuuma baada ya kukazwa waya ni kawaida, siku 3 au 4 hivi yanapoa yenyewe, kula vitu laini tu. Hapo panapochubua shavu tumia ile nta ya meno, yaani nta laini ya kufunika chuma cha waya kisichubue, ila kausha kwanza chuma na tishu maana kikiwa na mate haishiki kabisa, finyanga kadonge kadogo ubandike juu. Sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Halafu mswaki laini kila ukimaliza kula, na kale kabrashi kembamba ka kusafishia katikati ya meno ndo kanafika chini ya waya, watu wengi wanakapuuza sijui kwa nini. Waya ukichomoza ncha usiukate mwenyewe, mpigie daktari.