Nani alale wapi? Barua zenu za vitanda, magodoro na mikoromo

Jamani mwezi huu mmeniamulia, barua karibu zote ni za kulala, nani apewe chumba, nani atupwe sofani, nani kamkimbiza nani kwa mkoromo. Nimechukua chache, na kama jibu la mwenzio linakuhusu na wewe lichukue tu, sio lazima uandike upya.

Anti shikamoo. Mwezi ujao tunaenda likizo familia nzima, tumechukua nyumba ya vyumba viwili na sebule yenye sofa la kukunjua. Tuko mimi na mume wangu, kichanga wetu wa miezi minne, binti wa miaka 14, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, na mama mkwe ambaye akilala anakoroma mpaka vioo vinatetema. Chumba kikubwa kina kitanda cha sita kwa sita, kingine kina dabo deka na kitanda cha tatu kwa sita. Mume anasema mama apewe chumba kikubwa peke yake kwa heshima, binti anasema kama atalala na kaka yake bora abaki nyumbani, na mimi nimeshachoka hata begi sijafunga. Nipangie tafadhali. – Mama Mchovu

Marahaba mama, na pole. Angalau wewe umeuliza mapema, wengine wanaanza kugombea vitanda wakiwa mlangoni na mabegi mkononi, saa nne usiku, mtoto analia na ufunguo haujulikani nani kaushika.

Tuanze na kichanga kwa sababu huyo hana mjadala. Alale chumba chenu, lakini kwenye kitanda chake mwenyewe, chali, godoro gumu lililonyooka, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Hayo siyo maneno yangu, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kwenye mwongozo wake wa 2022 kinasema kichanga alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo, kitanda mbalimbali. Na hilo la kulala chali walianza kulisema 1992, kampeni yenyewe ikaanza 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua huko karibu nusu kwa miaka iliyofuata, kwa hiyo bibi akikwambia "mbona sisi tuliwalaza kifudifudi na mkakua" mwitikie kwa adabu halafu mlaze chali. Piga simu leo uulize kama kuna kitanda cha mtoto hapo, kama hakuna beba kile cha kukunja, na ukifika jaribu kupitisha vidole kati ya godoro na ukingo, vikipita zaidi ya viwili godoro hilo ni dogo mno kwa kitanda hicho, usimlaze. Na lile sofa, mama, saa tisa usiku ukiwa unanyonyesha macho yanafunga usikae hapo kabisa, kusinzia na kichanga kwenye sofa ni hatari kuliko hata kusinzia naye kitandani.

Kwa hiyo chumba kikubwa ni chenu, mko watatu na kitanda cha mtoto kinahitaji sakafu. Mumeo akisema heshima, mwambie heshima ya mtu mzima kwenye kulala siyo ukubwa wa kitanda, ni kitanda anachoweza kuinuka bila kuvutwa mkono, kiwe karibu na choo maana usiku ataamka, na swichi ya taa aifikie akiwa amelala. Kitanda cha tatu kwa sita kinamtosha kabisa kama urefu wake kutoka chini ni mzuri, akikaa ukingoni nyayo zikanyage sakafu vizuri basi. Ila hayo maneno aende akayaseme mwenyewe kwa mama yake, wewe usijiingize, mkwe akiyasikia kwako yatakuwa na ladha nyingine.

Sasa nani alale na bibi? Yule wa miaka 9. Watoto wa umri huo usingizi wao ni mzito hasa, na akitangulia kulala mkoromo unamkuta tayari kashazama. Apande juu ya dabo deka kama anataka, ameshavuka miaka 6 ambayo ndo mwisho wa kukatazwa juu, ila kagueni vizuizi viwepo pande zote mbili, hata upande wa ukuta, maana mtoto anaweza kuteleza akabanwa kati ya kitanda na ukuta.

Binti anabaki na sofa, na hapa ndo familia nyingi zinakosea. Mtu wa sebuleni analala wa mwisho kwa sababu hamtoki, na anaamka wa kwanza kwa sababu mmoja wenu kaingia kutafuta chaja. Binti wa miaka 14 anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi na saa ya mwili wake kwa umri huo imesogea mbele, usingizi unamjia amechelewa na asubuhi haumwachi haraka, sio uvivu. Kwa hiyo sebule iwe na sheria: saa nne unusu usiku kila mtu atoke na tivii izimwe, asubuhi mtu asikatize hapo kabla ya saa mbili unusu, na vitu vyote vya asubuhi, maziwa ya mtoto, dawa za bibi, chaja, vihamishwe vyumbani usiku uleule. Mpe mahali pa kubadilishia nguo penye mlango wa kufunga, mpe na vizibo vya masikio. Kama unaona kabisa familia yako haiwezi kuacha sebule mpaka saa mbili unusu basi usimdanganye mtoto, mume alale sofani na binti aingie kwako.

Kuhusu mkoromo wenyewe, alale ubavu, mwekeeni mto mgongoni asigeuke chali, na kichwa kiinuliwe kidogo. Lakini sikiliza vizuri: kama anakoroma, halafu kimya, pumzi imekata, halafu anashtuka kama mtu anayekabwa, na mchana anasinzia hata mkiongea naye, huyo apelekwe hospitali mkirudi, hiyo ni njia ya hewa inaziba usingizini na ina tiba.

Usiku wa kwanza mtalala vibaya wote, msiupangie lawama. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha 2016 kwamba mtu akilala mahali pageni, usiku ule wa kwanza nusu ya kushoto ya ubongo inabaki macho zaidi kuliko nusu nyingine, kama mlinzi. Kwa hiyo siku inayofuata msipange safari ya alfajiri, na mtu asidai kubadilishiwa kitanda mpaka usiku wa pili upite. Kila mtu abebe mto wake wa nyumbani kama gari lina nafasi, unasaidia.

Anti mambo. Nimepata fleti yangu ya kwanza, hela yote imeishia kwenye kodi na amana, godoro nimetandika chini tu. Juzi nimeliinua nifagie nikakuta chini kuna madoa meusi na harufu ya unyevu. Sijamwaga maji wala nini. Rafiki ananiuzia godoro lake la mtumba kwa bei ya kirafiki. Ninunue? – Mpangaji Mpya

Poa mdogo wangu. Maji umemwaga, ila hujui, ni jasho lako. Mtu akilala anatoa unyevu usiku kucha, unashuka kupitia sponji mpaka chini, ukifika unakutana na sakafu ya baridi ambayo haina pa kuutolea, unabaki hapo unakuwa majimaji na fangasi wanafurahi. Ukinunua godoro jipya leo ukalitandika palepale, baada ya muda utaniandikia barua hiihii.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kitanda, siyo godoro. Hata kile cha chuma cha kufunga kwa bolti, tena hicho ndo kizuri kwa mpangaji maana siku ya kuhama unakifungua kinapita ngazi yoyote, wakati kitanda cha mbao cha kipande kimoja kitakwama kwenye kona mtabaki mnaangaliana na wabebaji. Angalia chaga, ziwe imara na nafasi kati ya moja na nyingine isizidi vidole vinne hivi, zikiachana sana sponji inazama katikati na mgongo unaumia. Kama kitanda bado hela haijakaa sawa, tafuta mapaleti ya mbao makavu yaliyosafishwa, na kila asubuhi usimamishe godoro ukutani upande wa chini upigwe na hewa. Usitandike ukiamka tu, acha kwanza likauke, najua mama alikufundisha kutandika kabla hujanawa uso lakini hapa msamehe.

Hilo lenye madoa, kama ni juu juu, lianike juani mpaka likauke kabisa, pigapiga, futa, uliangalie. Kama madoa yameingia ndani na harufu haitoki, litupe, na kama una pumu litupe leo.

Kuhusu la rafiki, si unaujua msemo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujatoa hata senti nenda mchana na tochi ya simu, pita kwenye mishono yote, hasa pembeni, tafuta vidoti vyeusi kama mtu kagusa kwa ncha ya kalamu, hicho ni kinyesi cha kunguni, na magamba mepesi ya rangi ya kahawia. Akikwambia "lilikaa stoo miezi halilaliwi na mtu" hiyo siyo sifa, kunguni anavumilia njaa miezi mingi. Mimi ningekushauri umwambie akuuzie kitanda chake, godoro abaki nalo. Shuka zozote utakazopewa za bure fua kwa maji ya nyuzi 60 kabla hazijaingia ndani.

Na pima chumba kabla ya kununua chochote. Nne kwa sita ni kama sentimita 122 kwa 183, kwa hiyo ukiwa na sentimita 180 nyayo zitaning'inia, tafuta refu zaidi. Bakiza kama sentimita 60 pembeni za kupita, na milango ya kabati ifunguke. Chora kwa utepe wa gundi sakafuni ulale humo kidogo, utaonekana mwehu lakini hakuna anayekuona, fleti ni yako.

Tunahamia fleti ya chumba kimoja wawili, mimi na rafiki yangu, kodi tunagawana nusu kwa nusu. Mmoja lazima alale sebuleni. Yeye anafanya kazi zamu za usiku, mimi za mchana. Anasema tubadilishane chumba kila mwezi ili iwe haki. – Nusu kwa Nusu

Kubadilishana kila mwezi kunasikika kama haki mpaka ile siku ya kwanza ya kubeba nguo zote kutoka kabatini. Mwezi wa pili mmoja atasema nina homa tusogeze, na hapo ugomvi umeanza.

Anayelala mchana apewe chumba, kwa sababu anahitaji giza na mlango, pazia nzito zije na yeye. Wewe chukua sebule ila kodi isiwe nusu kwa nusu, mwenye mlango alipe zaidi, mkubaliane kiasi kabla hamjasaini na mkiandike, hata kwenye meseji. Wewe nawe uwe na kona yako yenye pazia au kabati la kukata macho, na wageni wa sebuleni wajulikane mwisho saa ngapi. Kitanda chako kisizibe njia ya kwenda mlango wa kutokea, likitokea la kutokea usiku mwenzio asirukie juu yako gizani.

Mchumba wangu kaalikwa likizo na familia yetu. Mama kasema tulale vyumba tofauti. Nina miaka 29, nafanya kazi, najitegemea. Nimwambieje mama? – Mtu Mzima

Nani kalipia nyumba? Kama ni mama, mwambie "sawa mama." Kama unaona huwezi, chukueni chumba chenu hoteli ya jirani kwa hela yenu, mje mchana, na usimwache mchumba ndo aonekane kaanzisha.

Godoro la kujaza upepo nimenunua jipya la wageni, asubuhi mgeni yuko chini kabisa. Limetoboka? – Mwenyeji

Huenda hata halijatoboka. Plastiki mpya inanyooka siku za mwanzo kwa hiyo ukijaza leo kesho linalegea, na usiku ukiwa wa baridi hewa iliyo ndani nayo inasinyaa. Lijaze, liache mchana bila mtu, ongeza tena jioni kabla mgeni hajalala, lakini usilijaze mpaka lilie kama ngoma, mishono itaachia. Likiendelea kushuka pitisha maji ya sabuni kwenye mishono na kwenye kizibo, panapotoa mapovu ndo penyewe, na mara nyingi ni kizibo tu hakijakandamizwa. Tandika blanketi chini ya shuka siyo juu tu, maana baridi ya godoro hilo inatokea chini, mgeni atajifunika matatu na bado mgongo unaganda. Mgeni mwenye kichanga usimpe hilo kabisa, laini mno kwa mtoto, mpe kitanda chako na wewe ulale kwenye upepo.