Charlie Ward hakucheza NFL
Kaka, umeuliza kama Charlie Ward, yule mchezaji kikapu wa Marekani, aliwahi kucheza NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Hapana, hakuwahi. Mwaka 1993 alibeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani ngazi ya vyuo, na Florida State yake ikawa bingwa wa taifa msimu huohuo. Lakini 1994 hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Knicks, timu ya kikapu ya NBA, ndio waliomchukua, wa 26 katika raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya, kwa sababu chuoni alikuwa pia anaichezesha timu ya kikapu. Nafundisha vijana kikapu hapa Mtwara, na mfano huu nawapa kila msimu, hasa anayeambiwa achague mchezo mmoja mapema. Anayechanganywa naye ni Bo Jackson: yule alicheza NFL na besiboli, si kikapu.