Majani mawili ya kwanza: yachumwe au yaachwe?

SWALI: Miche yangu ya nyanya imetoa majani mawili membamba yasiyofanana kabisa na majani ya nyanya, na sasa yanageuka manjano. Niyachume? Na maharage yangu yaliyokatwa na wadudu yatachipua tena?

JIBU: Usiyachume, tafadhali. Hayo ni majani ya mbegu, nayo yalikuwamo ndani ya mbegu kabla hujaipanda. Loweka harage usiku kucha, limenye ganda, ulipasue taratibu: vile vipande viwili vinene ndiyo majani yenyewe, na katikati yake kuna kimche kidogo kimejikunja. Humo mna akiba ya wanga na protini ya kulisha mche hadi mizizi na majani halisi yashike kazi. Akiba ikiisha, hunyauka na kudondoka. Ya nyanya ni membamba. Yakifunguka tu hugeuka kijani na kuanza kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ukiyang'oa mapema, mche hudumaa.

Kuhusu umanjano, hesabu majani halisi. Yakiwa manne au zaidi, huo ni uzee tu, usihangaike. Kama bado hakuna hata moja, kuna kosa, na mara nyingi ni maji: udongo umelowa mno, mizizi inakosa hewa. Acha tabaka la juu likauke kabla ya kumwagilia tena, na hakikisha matundu ya chombo hayajaziba. Usikimbilie mbolea, kwa mche mchanga hivyo, mbolea kali huunguza mizizi.

Majani haya yana faida nyingine wakati wa kuhamisha miche: shika jani la mbegu, kamwe usishike shina. Jani likichanika mche utapona. Shina likipondeka, basi tena.

Kwa maharage, inama utazame palipokatwa. Ikiwa ni chini ya majani ya mbegu, panda upya, kwani kisiki hicho hakina jicho la kuchipua. Ikiwa ni juu yake, subiri: kwenye makwapa ya majani hayo, pale yanapoungana na shina, kuna machipukizi yanayoweza kutoa shina jipya, ingawa mche utachelewa. (Njegere zina nafuu, maana majani yao ya mbegu hubaki chini ya udongo pamoja na machipukizi.) Kabla ya kupanda tena, fukua udongo kuzunguka miche iliyokatwa. Sota, yaani kiwavi anayekata miche, hujificha hapo mchana, amejikunja, karibu kabisa na uso wa ardhi.